Maswali na Majibu: Bei ya Kiwandani Haikufikishi Kilindini

Safari hii ni zamu ya waagizaji. Wa magari ya Japani wangoje. Na nyinyi mnaotuma picha ya bidhaa bila neno hata moja, mtangoja zaidi.

Muuzaji wa vigae wa Ningbo, China, amenipa bei mbili, ya FOB (mzigo kupakiwa melini tu) na ya CIF Mombasa (nauli na bima zikiwa ndani). CIF imezidi kidogo tu. Si bora nichukue hiyo nipumzike? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Changamwe)

Hupumziki, ndugu yangu. Wengi hudhani kwenye CIF muuzaji anaubeba mzigo pamoja na lawama zake mpaka Kilindini. Analipa nauli na bima, basi. Hatari inakuwa yako tangu mzigo unapopakiwa melini huko Ningbo, sawa na FOB. Vigae vikivunjika njiani, atakayehangaika na kampuni ya bima ni wewe. Na bima ambayo Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, zinamlazimu akukatie ni ya kiwango cha chini kabisa, kundi C: meli ikizama au ikiungua utalipwa, mzigo ukiibwa shauri yako.

Tena sheria ya bima ya Kenya inataka mzigo wa kuingia nchini ukatiwe bima kwa kampuni ya humu nchini, na tangu Januari 2017 mamlaka zimekuwa zikilikazania jambo hilo. Kwa hiyo ukichukua CIF waweza kujikuta unalipa bima mbili, na ile ya maana ni moja.

Kuna na la nauli. Ukiiona nauli ya muuzaji ni ya chini mno, jua kuna mtu atakayeifidia mzigo ukishafika: ada ya hati, ada ya kushughulikia, ada hii na ile, kwa wakala ambaye hukumchagua wala hukuandikiana naye. Nunua kwa FOB, kisha omba bei ya nauli mwenyewe kwa mawakala watatu, ukiwataka waandike na ada za Mombasa papo hapo. Kwa kontena, hata FOB haifai sana, kwa sababu kontena huachwa kwenye yadi ya bandari kabla ya kupandishwa melini, na humo katikati hakuna anayejua mzigo ni wa nani. FCA, yaani muuzaji anamkabidhi mzigo msafirishaji uliyemchagua wewe, ndiyo iliyowekwa kwa hali hiyo. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae.

Na usidhani bima ni ya mzigo ulioharibika tu. Meli ya kontena Ever Given ilipokwama Suez mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, yaani gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wote wenye mzigo ndani. Wenye kontena ambazo hazikuguswa hata na maji walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa mali yao. Wenye bima waliachia kampuni zao zishughulike. Wasio na bima walitakiwa kutoa pesa mfukoni.

Nipe namba ya kiwanda cha viatu Guangzhou chenye bei ya chini kabisa. (Kijana wa Likoni)

Swali hili huletwa kila mara, hubadilika bidhaa tu. Hujasema viatu gani, soli ya nini, saizi zipi, jozi ngapi. Kiwanda nacho kitakuuliza hayo hayo, ila kwa adabu kunishinda.

Nilipokea sampuli nzuri ya leso kutoka India. Mzigo umekuja mwepesi na unachuja rangi. Muuzaji ashikilia kuwa ndiyo ile ile. Nifanyeje? (Muuza leso, Biashara Street)

Pole, bibi. Kwa mzigo huu, yote yategemea ulichoandika kwenye oda. Kama uliandika "leso kama sampuli" tu, kuthibitisha kutakuwa kazi ngumu; bishania punguzo kwenye oda ijayo na uuze hizi kwa bei inayolingana nazo, bila kuwaficha wateja.

Oda ijayo iandike kama mtu asiyemwamini yeyote. Pamba asilimia ngapi. Uzito wa kitambaa, gramu kwa mita moja ya mraba. Urefu na upana baada ya kufuliwa, si kabla. Rangi kutochuja kwa kipimo cha ISO 105-C06, ambacho huanzia 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Usikubali chini ya 4. Sampuli ukiikubali, ikate vipande viwili, vyote mtie saini na tarehe, kimoja kibaki kwako kabatini. Hapo akikwambia "ndiyo ile ile" utaitoa.

Kisha malipo. Asilimia 30 mwanzo, 70 baada ya ukaguzi kupita, na mkaguzi awe wa kwako, si binamu wa muuzaji. Mkaguzi hafungui kila robota. Kwa utaratibu wa kawaida wa ISO 2859-1, katika leso 3,000 huvuta 125, na mkiwa mmekubaliana kiwango cha kasoro kinachovumilika (AQL) cha 2.5, zenye kasoro zikifika 8 mzigo wote unakataliwa. Kazi hiyo ina gharama yake, najua. Linganisha na hasara uliyo nayo dukani sasa.

Na kabla hujaniandikia tena: cheti cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinachotolewa kabla ya mzigo kusafiri hakikukingi na hili. Utaratibu huo, ulioanza 2005, huangalia kama bidhaa inafikia viwango vya Kenya. Haujui muuzaji alikuahidi nini.

Ushuru ni asilimia ngapi? (Bila jina)

Ushuru wa nini? Jedwali la pamoja la Afrika Mashariki lina viwango vya 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, na juu yake kuna bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Tafuta msimbo wa HS wa bidhaa yako, yaani namba inayoitambulisha forodhani, tarakimu nane, kabla ya kulipa hata senti. Sita za mwanzo ni za dunia nzima, mbili za mwisho ni zetu, kwa hiyo usinakili tu namba aliyoandika muuzaji kwenye ankara.

Hesabu huanzia kwenye thamani ya CIF hata kama ulinunua FOB. Mzigo wa shilingi 1,000,000 wenye ushuru wa asilimia 25: ushuru 250,000, halafu VAT ya asilimia 16 juu ya 1,250,000, yaani 200,000. Hapo umeshatoa 450,000 na hujagusa ada ya IDF (fomu ya tamko la uagizaji), tozo ya reli, bandari, wakala wa forodha wala lori. Anayekwambia "natoa bidhaa China kwa nusu bei" muulize kama amefika mstari huu.

Wakala anasema nadaiwa stoo na demareji. Si kitu kimoja? (Mfanyabiashara, Kongowea)

La. Stoo ni ya bandari au ya yadi ya kontena; demareji ni ya kampuni ya meli kwa kukalia kontena lake. Zote mbili hukimbia kwa wakati mmoja. Hati zifike kwa wakala meli ikiwa bado baharini.

Nasoma ugavi hapa Tudor. Nifanye mtihani wa CIPS au nijisajili KISM? (Mwanafunzi)

KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi wa Kenya, mwanangu, si jambo la kuchagua: sheria ya 2007 inataka mtaalamu wa ununuzi awe amesajiliwa na ana leseni. CIPS ni taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi ya Uingereza na inaheshimika ukitaka kazi nje au kwenye kampuni za kimataifa. Pesa ikiruhusu, fanya. Ila nimewaona wenye vyeti vyote viwili wasioweza kusoma hati ya shehena wakaona jina la mpokeaji limekosewa. Likizo hii omba kukaa ofisi ya wakala wa forodha, hata bila malipo, ukapange hati na kukokotoa ushuru kwa mkono.

Muuzaji wangu wa miaka mingi ameniandikia barua pepe kuwa akaunti yake ya benki imebadilika. Nilipe? (Mama wa vyombo, Mwembe Tayari)

Usilipe. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Kama umeshatuma, acha kusoma hapa nenda benki sasa hivi.