Robo ya sikoseli haina zamu

Usifanye hivyo, ndugu yangu! Umeandika kwamba mtoto wenu wa kwanza ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwa kuwa mliambiwa "mmoja kati ya wanne", basi zamu ya mgonjwa imeshapita na mnataka wa pili mwaka huu. Ngoja kwanza. Hilo la zamu ndilo lililotuunguza sisi.

Mke wangu ni mtoto wa ami yangu, tupo Wete. Sote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana urithi mmoja mzima na mmoja wa sikoseli: hatuumwi, lakini tumebeba. Wa kwanza alipogundulika SS, yaani mgonjwa, karithi ubovu kwetu sote wawili, mtu mmoja aliyevaa koti jeupe alituchorea viboksi vinne kwenye karatasi, kimoja akakijaza wino. Akasema, "Huyu mshampata, watatu waliobaki wazima." Nikarudi nyumbani na furaha. Mpaka leo nikiikumbuka karatasi ile napandwa na hasira, maana viboksi alivichora sawa, maneno ndiyo aliyoyaharibu, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Viboksi vile si watoto wanne. Vyote vinne ni mimba moja. Chukua mikoba miwili, wa baba na wa mama, kila mmoja una kete mbili, nzima na mbovu. Kila mimba, kila mzazi anatoa kete moja bila kutazama. Mbovu mbili zikikutana, mtoto ni SS. Akishazaliwa, mikoba iko vilevile, kete mbili mbili, wala haijui nani alitoka kabla. Mimba ya pili robo, ya tatu robo, ya saba robo. Ndiyo maana wazazi wa AS kwa AS wenye watoto wanne, karibu thuluthi yao hawana mgonjwa hata mmoja, na wengine wanao wawili, watatu.

Wa pili wetu alizaliwa mnono. Hatukumpima; tumpime nini na zamu imepita? Hatukujua kwamba mtoto mchanga bado ana himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, aliyotoka nayo tumboni, ambayo huuficha ugonjwa mpaka karibu nusu mwaka. Miezi minane, viganja na nyayo zikavimba, usiku kucha analia. Bibi yake akasema ni baridi, tukamkanda kwa maji ya moto siku tatu. Kupimwa, SS. Penisilini ya kumkinga alitakiwa aanze akiwa na miezi miwili. Miezi sita imepotea kwa sentensi ya mtu!

Sikukatazi kuzaa, hilo ni lako na mkeo. Lakini ingieni mkijua robo ni ileile, haijapungua hata chembe. Na akija, mpimeni angali mchanga, kwa kipimo kinachotenganisha himoglobini, si kile cha kutazama tu kama chembe za damu zinapinda. Hicho hakibagui AS na SS, na kwa mchanga kinaweza kukwambia hakuna kitu. Msingoje viganja vivimbe.