Chumba cha Ujerumani kisichokuruhusu kujisajili: usilipe amana

Usimtumie huyo mtu hata senti moja. Unasema umepata chumba Freiburg kwa miezi sita kuanzia Oktoba, kwamba anayekupangisha ni mwanafunzi anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo nchi nyingine, kwamba bei yake ni pungufu kwa karibu euro 100 ukilinganisha na vyumba vingine ulivyoviona, na kwamba mwishoni mwa tangazo ameandika kuwa kujisajili kwa anwani hiyo haitawezekana. Baada ya hapo umeendelea kuuliza habari za samani, gharama za kupasha nyumba joto, na kama ni heri kukaa na wenzako au peke yako, utadhani sentensi ile ya usajili ni sawa na kukuambia kwamba chumba hakina pazia. Mwaka 2022, katika mji huohuo, nilisoma sentensi kama hiyo na nikaipita vivyo hivyo. Shahada yangu ya kwanza ni ya sheria, na somo la mikataba nililifaulu vizuri sana. Mnaoniona mjinga mna haki. Ila mpange foleni, kwa maana dada yangu ndiye wa kwanza.

Elewa kwanza ni kitu gani unachoambiwa hutakipata. Sheria ya Ujerumani ya usajili wa wakaazi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2015, inamtaka kila anayehamia katika nyumba ajiandikishe kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na anayechelewa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Ili uandikishwe, unahitaji hati iliyosainiwa na anayekupa makazi, inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Pasipo hati hiyo unarudishwa, hata uwe na barua ya chuo, pasipoti na machozi.

Mimi nilirudishwa. Mama aliyekuwa dirishani alipokea mkataba wangu wa kurasa mbili, akausoma wote kwa utulivu, kisha akaurudisha upande wangu wa meza kwa vidole viwili na kuniambia kwamba huo ni mkataba, anachohitaji ni hati. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli katika mwezi wote wa Oktoba.

Kilichofuata ndicho ambacho watu hawakielezi wanaposema kwamba usajili ni urasimu tu. Benki niliyokwenda kufungua akaunti ilitaka cheti cha usajili. Fedha zangu za mwaka mzima zilikuwa katika Sperrkonto, ile akaunti maalumu inayofungwa ambayo sisi tusio na ufadhili hutakiwa kuijaza kabla ya kupewa viza, na kiasi changu cha kila mwezi, kilichokuwa euro 861 wakati huo, hakikuweza kutoka bila kuwa na akaunti ya kawaida ya kukipokea. Namba ya utambulisho wa kodi, ambayo mwajiri huiomba hata kwa kazi ya saa chache kwa wiki, hutumwa kwa barua baada ya mtu kusajiliwa. Viza yangu ilikuwa ya miezi mitatu, na waliokuwa wakishughulikia vibali vya ukaazi nao waliomba cheti hichohicho. Kwa hiyo nilikuwa mtu mwenye fedha zake halali, aliyekopa nauli ya tramu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Sasa nimtaje aliyenifikisha pale, bila jina, ingawa akisoma hapa atajijua. Alikuwa mwenzetu, ametangulia huko miaka miwili, na nilimwita kaka kwa sababu aliongea kama kaka. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeona mengi: "Mdogo wangu, mambo ya usajili yasikusumbue, hayo ni ya Wajerumani wenyewe." Nilimwamini kwa kuwa alisema kwa Kiswahili kizuri jambo nililotaka kulisikia. Baadaye niligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesajiliwa tangu wiki yake ya kwanza katika hosteli ya wanafunzi, ambako hati hutolewa pamoja na ufunguo, na kwamba alipokea euro 100 za shukrani kutoka kwangu na kiasi kingine, nisichokijua, kutoka kwa yule aliyenipangisha. Dalali wa nyumbani angalau hujitambulisha kuwa dalali.

Amana nilimlipa aliyenipangisha euro 1,050, yaani kodi ya miezi mitatu ya euro 350, taslimu, mkononi, jikoni, bila risiti, kabla sijalala hata usiku mmoja. Nikaongeza euro 400 za kile kilichoitwa kuchukua samani: kitanda chenye ubao mmoja uliovunjika, meza, na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa kukunja karatasi na kuibana. Sheria ya kiraia ya Ujerumani inaweka kikomo cha amana kuwa kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za uendeshaji, na inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa mafungu matatu sawa ya kila mwezi, la kwanza likiwa mwanzoni mwa upangaji. Ningeijua haki hiyo, ningepoteza sehemu yake tu badala ya yote. Na hapo mwanasheria mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nikihesabu noti kwa sauti ili asinizulumu.

Pigo lenyewe lilikuja kupitia sanduku la barua. Huko mleta barua hatazami namba ya chumba. Anatazama jina lililoandikwa kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlango, na asipolikuta, barua hurudi ilikotoka. Jina langu halikuwepo, na niliambiwa nisiliweke. Nilivumilia hadi barua ya pili ya bima ya afya iliporudishwa, ndipo nikakata kipande cha karatasi, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa na kukibandika kwa gundi ya karatasi chini ya jina la mwenyeji wangu, yule aliyenipangisha. Kesho yake asubuhi hakikuwepo, imebaki alama nyeupe ya gundi. Nikabandika kingine. Siku ya tatu mtunza jengo alikuwa amesimama pale akikisoma, akanisalimia vizuri, akaniuliza naishi ghorofa ya ngapi, na mimi, kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu, nikamjibu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini usajili ulikuwa hauwezekani. Hati ile inaweza kusainiwa na mpangaji anayempangisha mwingine, kwa kuwa kisheria yeye ndiye anayetoa makazi, lakini ni lazima itaje pia jina la mmiliki ikiwa mmiliki ni mtu mwingine. Mwenyeji wangu hakuwa na ruhusa ya mmiliki ya kupangisha. Hivyo basi mtu anayekuambia kwamba huwezi kujisajili, mara nyingi anakuambia kwa maneno ya upole kwamba mwenye nyumba hajui kama upo. Na wewe ndiye utakayekuwa ndani siku atakapojua, maana mkataba wa aliyekupangisha ukiisha, mmiliki anaweza kukudai wewe moja kwa moja uondoke.

Mmiliki aliandika barua, mwenyeji akapiga simu kutoka alikokuwa, na hakuanza kwa kuomba radhi. Alianza kwa kunilaumu kwamba nimevunja makubaliano kwa kubandika jina, na kwamba kwa sababu hiyo amana hairudi. Nilipewa siku kumi. Nilikwenda kwa mshauri wa sheria anayewahudumia wanafunzi, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja tu, risiti iko wapi. Nilimwonyesha ujumbe wa simu ambamo yule mtu aliniandikia "asante, tumemalizana", na nikajionea mwenyewe jinsi maneno hayo yanavyoweza kusomwa kwa namna mbili.

Kitanda nilikiacha. Kabati pia. Niliondoka na mabegi mawili na pasi, nikalala kwenye godoro sakafuni kwa mwanafunzi wa Kikameruni niliyekuwa nimemfahamu kwa siku tisa tu, hadi nafasi ilipopatikana hosteli mwanzoni mwa Desemba. Hosteli ile ilikuwa na jiko moja la watu kumi na wawili na bafu ambalo maji yalikuwa vuguvugu tu, na siku ya kuingia walinipa ufunguo, karatasi ya kanuni za taka, na hati ya usajili iliyokwisha kusainiwa. Niliisoma ile hati ndani ya tramu kama mtu anayesoma barua ya posa.

Najua utaniambia kwamba vyumba ni vichache na kwamba muda unakwisha, na hayo ni kweli, hasa Oktoba ambapo kila mgeni anatafuta. Ndiyo maana omba hosteli ya shirika la huduma za wanafunzi siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa chuoni, usingoje viza, kwa sababu foleni zao huhesabiwa kwa miezi. Na kama huna njia nyingine, ni heri ulipe hizo euro 100 zaidi kwa mwezi mahali unapoweza kuandikishwa. Kwa miezi sita ni euro 600. Mimi nilipoteza 1,550, hapo sijahesabu faini wala nauli za kwenda na kurudi ofisini.

Kwa hiyo mwandikie leo, kwa maandishi, swali hili kwa Kijerumani: "Bekomme ich eine Wohnungsgeberbestätigung?" Maana yake ni kama utapewa ile hati. Akijibu ndiyo, mwombe akutumie pia ruhusa ya mmiliki, halafu amana ilipwe benki kwa benki, kwa mafungu, baada ya ufunguo kuwa mkononi mwako. Akianza kukueleza kwamba kuna rafiki yake atakuruhusu kutumia anwani nyingine, kimbia kwa kasi zaidi, kwa kuwa kutoa anwani ya kujisajilia kwa mtu asiyeishi hapo kuna faini ya hadi euro 50,000, na wewe hutaki kuwa karibu na jambo hilo ukiwa na viza ya muda mfupi.

Umesema tangazo lake linafungwa Ijumaa. Liache lifungwe.