Out of Africa: sifa nyingi, mimi iliniangusha

Mkuu, umeuliza ni filamu gani inayosimulia zamani za kale, yenye kisa cha kweli, iliyosifiwa sana halafu ikatuangusha. Yangu ni Out of Africa ya 1985. Najua nitashambuliwa, maana ilizoa Oscar saba ikiwemo ya filamu bora.

Niliitafuta baada ya kuzuru nyumba ya Karen Blixen, mwandishi ambaye maisha yake ndiyo kisa cha filamu, kule Nairobi, ambayo siku hizi ni makumbusho. Nilitaka kuliona shamba lile. Mama wa Kidenmaki anafika 1914, analima kahawa karibu na vilima vya Ngong, mahali palipoinuka mno kwa zao hilo, na 1931 anaondoka amefilisika. Wakikuyu nao inawabidi wamfanyie kazi ili waruhusiwe kukaa kwenye ardhi ile. Kisa si ndicho hicho? Filamu inakipitia mbiombio iwahi kwenye mapenzi.

Na mapenzi yenyewe sasa! Meryl Streep, anayemcheza Karen, kahangaika na lafudhi ya Kidenmaki mpaka unamwonea huruma. Robert Redford ndiye Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen, mtoto wa bwanyenye wa Kiingereza aliyesoma Eton, shule ya wakubwa kule Uingereza, lakini anaongea Kimarekani tupu mwanzo hadi mwisho. Anamwosha mwenzake nywele porini, mimi nawaza huyu bwana katua lini kutoka California.

Vita Kuu ya Kwanza wameigeuza safari ya Karen na mikokoteni ya ng'ombe, na simba wa kuchapwa mjeledi. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa makumi kwa maelfu, kwa maradhi na uchovu, hawamo.

Kilichonimaliza kabisa ni Voi, mji ulioko kusini mwa Kenya. Mei 1931 ndege ya Denys ilianguka pale mara tu baada ya kuruka, akafa. Alikuwa na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, naye akafa hapo hapo. Kwenye filamu Denys anapata kaburi Ngong, anasomewa shairi, na simba wanakuja kulala juu yake. Kamau hatajwi. Filamu ya zaidi ya saa mbili na nusu, wakakosa sentensi moja!

Muziki wa John Barry sina neno nao. Na Malick Bowens, aliyemcheza Farah, mtumishi wa Karen, kwangu mimi kawafunika Streep na Redford wote wawili, tena akiwa na maneno machache.