Filamu ya ufeministi utaijuaje? Usitazame bunduki

Umeuliza unaijuaje filamu yenye mambo ya ufeministi, yaani ya kumtetea mwanamke na haki yake ya kujiamulia, maana we kila ukiona mwanamke anapiga watu mateke unaambiwa ndo hiyo. Mie nyumbani tunatazama filamu kila Ijumaa usiku, mie, mama na dada'angu, na hatujapata kukubaliana hata siku moja, kwa hivyo nakwambia nilojifunza humo kwenye kubishana.

Mateke yaache. Mie huangalia kwanza huyu mwanamke anataka nini yeye mwenyewe, na nani anaamua apate au akose. Zipo filamu mwanamke kashika bunduki saa mbili nzima lakini kila anachofanya ni kwa sababu ya mume alouliwa au bosi aliemtuma, na kamera inampanda polepole kuanzia miguuni hata uso wake hujauona. Huyo anatazamwa tu. Laura Mulvey wa Uingereza aliliandika hili 1975, kwamba sinema nyingi zinamvisha mtazamaji macho ya mwanamme, na tokea nilijue kila filamu naliona.

Sasa chukua Wadjda, ya 2012, ya Haifaa al-Mansour wa Saudia, ambae sehemu za njiani alikuwa akiongoza kajificha ndani ya gari kwa kuwa hakuweza kuonekana hadharani akifanya kazi na wanaume. Mtoto wa kike anataka baskeli, basi, akajitia kwenye mashindano ya Qur'an apate pesa ya kuinunua. Tuliitazama mama akishona kofia, na mama akishona hanyanyui kichwa, dada'angu ndo alikuwa anamsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili. Pana mti wa ukoo ukutani kwao, wanaume watupu, yule mtoto akaandika jina lake kwenye kikaratasi akakibana pale kwa kibanio cha nywele. Baadae anarudi, kimetolewa. Sindano ya mama ikasimama kwenye kiua. "Kakitoa nani?" Dada'angu kimya. Mama akasema, "Hebu rudisha nyuma nione."

Kikaratasi na kibanio, na mama yangu kaiweka kofia ya watu chini.

Kuna na kipimo cha Alison Bechdel, mchora katuni wa Marekani, cha 1985: wawepo wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yasiwe ya mwanamme. Kitumie, ni chepesi na utashangaa filamu ngapi zinaanguka, lakini usikiamini sana kwa sababu wawili wakizungumza viatu dakika moja filamu imeshapita.

Pagumu ni kwenye uvumilivu. Bibi yetu, Mungu amrehemu, neno ufeministi hakulijua lakini Mother India, filamu ya Kihindi ya 1957, alikuwa akitusimulia kama kaiona jana, Nargis, ndo alocheza huyo mama, anavuta jembe mwenyewe shambani, mkopeshaji anamtaka mwili wake na yeye anakataa, mwisho anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuteka msichana wa watu. Bibi akisema yule mama hakuamuliwa na mtu. Mie naona filamu inamsifu zaidi kwa kuteseka, na mwanamke akisifiwa kwa kuteseka peke yake mie hunishtua, tumelelewa nayo hiyo.

Ukitaka ya kwetu anza na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, ilotokana na kitabu cha Adam Shafi, Unguja ya miaka ya hamsini chini ya Mwingereza. Dada'angu anasema Yasmin, yule binti wa humo, anaingia kwenye harakati za uhuru kwa mapenzi ya Denge, mwanamme anaepigania uhuru, kwa hivyo filamu ni ya Denge. Mie namwambia Yasmin kamkimbia mume alomuozeshwa kabla hata Denge hajamjua, mlango kaufungua mwenyewe. Itazame kisha uje useme uko upande gani, maana mama kakataa kutuamua.