Kuki za shangazi: maswali yenu, naanza na zilizogeuka chapati

Haya jamani, toka niwape habari za kuki za chokoleti za shangazi yangu wa Tanga maswali hayaishi, mengine yanajirudia kwahiyo nimechambua haya machache. Kwa aliyechelewa: shangazi alikuwa mwalimu, miaka ya 80 akafundisha shule moja na dada mmoja wa Kimarekani, wakabadilishana mapishi, yeye akatoa visheti, mwenzie akatoa kuki. Daftari lipo mpaka leo lina mafuta kila ukurasa, shida vipimo vyote vimeandikwa "kikombe cha bluu" na kikombe chenyewe kilishavunjika toka 1996.

Shikamoo anti. Nimefata kila kitu ila kuki zimetoka bapa kama chapati, zimeungana trei nzima. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Marahaba mwanangu. Hapo nalaumu joto kwanza. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35 hivi, na jiko la Dar mwezi wa pili saa nane mchana lipo hukohuko, yani unapoichapa na sukari inakuwa ishageuka mafuta, ukiingiza kwenye oveni inatambaa kabla yai na unga havijashika. Siagi iwe laini tu, ukibonyeza na kidole inabonyea ila haing'ai. Ukishachanganya donge liweke friji saa moja, ukiweza lilale usiku kucha ndo tamu zaidi maana unga unakunywa maji vizuri na ladha inakolea. Halafu trei, jamani trei! Ukitoa mzigo wa kwanza usipange wa pili juu ya trei ya moto.

Swali langu kwako, umetumia siagi au majarini? Zile za kopo nyingine zina maji mengi kuliko siagi, lazima zitambae. Na kikombe chako ni kipi, maana vikombe vya chai vya watu wawili havilingani ndo maana mimi nilihamia kwenye mzani. Andika: unga wa ngano wa kawaida (sio ule wenye bekingi pauda tayari) gramu 160, siagi 115, sukari nyeupe 70, sukari guru iliyokunwa 80, yai 1, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, chokoleti 150. Oveni nyuzi 180, dakika 10 mpaka 12. Kingo zikianza kuwa kahawia toa, hata kama katikati unaona bado mbichi mbichi, zitajimalizia zenyewe kwenye trei.

Mbona sukari guru? Resipe zote naona zinasema brauni shuga. (Morogoro)

Kwasababu shangazi alikuwa haipati Tanga ile miaka. Brauni shuga ni sukari yenye molasi, hiyo molasi ndo inaleta unyevu na kaladha kama ka karameli, na ina uchachu kidogo ambao bekingi soda inauhitaji ili ifanye kazi. Sukari guru ina molasi yake yote humohumo. Ila ile sukari yetu ya dukani yenye rangi ya udongo sio brauni shuga, ni kavu na punje kubwa, ukiitumia isage kwanza kwenye blenda.

Sina oveni, nipo geto na jiko la mkaa tu. (Sinza)

Bachela umefika. Fanya kama wanavyooka keki: sufuria kubwa, mchanga mkavu uliochekechwa chini, weka kisahani cha bati kilichopinduliwa, funika, acha ipate moto dakika 15 ndo uingize kuki nne tano. Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, chini uache kidogo sana, maana kuki inaungua kitako haraka kuliko keki. Anza kuchungulia dakika ya 12. Mzigo wa kwanza utaharibika, kula hivyohivyo.

Hizo chokoleti chipsi ni bei mbaya, naweza kukatakata chokoleti ya kawaida? (Mwanza)

Unaweza na mimi ndo napenda hivyo. Chipsi zinatengenezwa na mafuta ya kakao machache ili zisiyeyuke zikapoteza umbo, ya kukata inatapakaa kwenye kuki kwa michirizi. Hata mwenye kuzianzisha hizi kuki, Ruth Wakefield, aliyekuwa na hoteli yake ya Toll House kule Whitman, Massachusetts, miaka ya 1930 alikatakata chokoleti ya mche, chipsi za kiwandani zilikuja baadae. Utasikia hadithi kwamba alikosea akapatia, mimi siiamini, yule mama alisomea mapishi.

Watoto wanalamba bakuli, kuna shida? (Arusha)

Ipo. Yai bichi na unga mbichi vyote vinaweza kuwa na bakteria. Wape chokoleti waondoke.

Bibi yangu ana biskuti zake za nazi, nikimuuliza vipimo anasema "kadiria tu". Nifanyeje? (Pangani)

Usimuulize. Nenda na mzani mdogo, muache achote mwenyewe kwa kiganja chake, kabla hajamwaga kwenye bakuli mwambie "bibi weka hapa kwanza", pima, andika, endelea. Nilimfanyia hivyohivyo shangazi na ndo zikapatikana zile gramu hapo juu. Lakini zangu zikawa bado hazifanani na zake, miezi kama mitatu hivi nahangaika, mpaka siku moja nimesimama nyuma yake nikamuona kanipa mgongo anatia kitu. Nikanusa. Iliki, robo kijiko cha chai, kwenye daftari haipo.