Injini ya lori na alteneta ya kVA 30, pima kwanza

Ndugu yangu wa Likoni nimekuelewa, una injini ya lori ya hospawa 60 na alteneta (mashine ya kuzalisha stima) ya kVA 30, wataka ziendeshe friza za samaki stima ikipotea. Sasa usiangalie hizo 60, angalia injini yatoa ngapi ikizunguka 1500 kwa dakika, maana alteneta ya poli nne (ncha nne za sumaku) lazima ishike hapo ndo upate hezi 50, mapigo 50 kwa sekunde kama stima ya kawaida. Ile 60 ya kwenye kibati huwa ni ya mzunguko wa juu, ukishuka 1500 nguvu yapungua sana, tafuta chati ya injini hiyo hiyo.

Hesabu: kVA 30 mara 0.8 (pawa fakta, sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) ni kilowati 24, alteneta nayo hupoteza kama asilimia 10 kwa hiyo shafti yataka karibu 27, weka feni na akiba, sema 30, yaani hospawa 40 za kufululiza. Na kwa joto hili letu la Mombasa usiibane injini mpaka mwisho wa nguvu zake. Friza pia zisiwake zote pamoja, kompresa ikianza huvuta ampea mara kadhaa ya kawaida.

Gavana nyingi za lori (kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini) hazishiki mzunguko mmoja mzigo ukibadilika, tafuta ya jenereta. Alteneta kama ni ya beringi moja (upande mmoja yabebwa na injini), saizi ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na hauzingi (kasha lake) lazima zilingane, usikubali kuchomelewa kienyeji, itatetemeka mpaka ivunje diski inayoiunga na injini.

Kuunga na laini ya Kenya Power muite fundi wa leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati) aweke chenjiova, swichi ya kubadili kati ya laini na jenereta, stima yako ikirudi kwenye laini yaweza kuua mtu aliye juu ya nguzo.