Usiulize inavuja wapi, uliza inavuja lini

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Shikamoo kaka. Pikipiki yangu ya injeksheni inanuka petroli nikiwa barabarani, nikisimama sioni hata tone. Mafundi watatu wameshindwa. Niiuze?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiiuze. Nilitaka kumjibu mistari miwili tu, nikajikuta bado naandika saa saba usiku, maana swali lake lilinitonesha kidonda.

Yangu ni ya Kijerumani, ya mwaka 2002, silinda mbili zimechomoza kushoto na kulia kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno. Injini ya namna hiyo huitwa boxer, kwa jinsi pistoni zinavyorusha ngumi kila moja upande wake. Nikiwaeleza hivyo vijana wa kijiweni wanacheka, kwao Boxer ni Bajaj, basi. Niliinunua kwa Mzungu aliyetoka nayo Cairo, akachokea Arusha. Habari za forodha naziruka, nisije nikapandisha presha bure.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikuwa naelekea Namanga. Kabla ya kufika Longido harufu ikanipiga puani. Nikasimama, nikainama, nikapapasa chini ya tangi: pakavu. Nikaondoka, ikarudi. Nikajiambia ni lile lori lililonipita. Ukishapata pikipiki uliyoiota miaka kumi unakuwa kama mzazi wa mtoto mtukutu, kila kosa ni la mtoto wa jirani.

Fundi wa kwanza ana gereji yenye jina hapa mjini. Akasema tangi limetoboka, akapaka silikoni. Siku ya nne ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, kwa sababu silikoni ya kawaida haiwezani na petroli. Nilipomrudia akaniambia mbele ya vijana wake, "Mzee, haya madude ni ya wenye hela. Wewe ungechukua ya kabureta." Wakacheka wote, hadi yule aliyekuwa anaziba pancha. Nimeshamsamehe. Naandika tu ili mjue.

Wa pili alibadilisha oringi za nozeli zote mbili, yaani vipete vya mpira kwenye vile vidude vinavyopuliza petroli injini. Kazi safi, sina la kusema. Hela ikaenda, harufu ikabaki.

Kosa letu sote watatu lilikuwa moja. Kabureta hulishwa kwa mteremko: petroli inashuka yenyewe kutoka kwenye tangi, kwa hiyo mpira wa kupitishia petroli ukipasuka inadondoka hata wewe ukiwa umelala, koki ikiwa wazi. Injeksheni si hivyo. Yangu ina pampu ndani ya tangi, inasukuma kwa presha ya bar 3 hivi. Tairi la gari dogo lina kama 2, kwa hiyo piga picha. Presha hiyo ipo injini ikiwa inafanya kazi, na zile sekunde mbili ukifungua swichi na kuisikia pampu ikinguruma. Ukizima, presha inashuka taratibu, kiungio cha plastiki kinapoa, ufa wake mwembamba unajibana. Lile tone lililotoka limeshaangukia silinda ya moto likakauka. Fundi akija asubuhi na tochi yake pikipiki ikiwa ya baridi ataona nini? Ataona pakavu, atakisia, na wewe utalipia makisio.

Ndiyo maana nasema anza na lini. Ikidondosha imesimama na tangi limejaa, kisha ikaacha yenyewe petroli inapopungua, tundu liko kwenye usawa ule ilipoachia. Huhitaji kufungua nozeli. Ikidondosha baada ya kujaza hadi shingoni na kuiacha juani, huenda si ugonjwa kabisa, petroli imetanuka na kutokea kwenye mpira wa kumwaga ziada. (Kwa hilo nilishampigia fundi simu saa nne usiku. Hakupokea, na alifanya vizuri.) Ikinuka injini ikifanya kazi tu, fuata njia ya presha, kuanzia pampu hadi nozeli, kiungio kwa kiungio.

Yangu ilikuwa hiyo ya tatu. Jumapili moja nikasafisha eneo lote chini ya tangi kwa brashi na sabuni, nikakausha, nikaenda Usa River na kurudi ili ipate moto wa kweli. Mke wangu ni mwalimu, chaki hazikosekani nyumbani. Nikasaga vipande vitatu, nikapaka ule unga kwenye kila kiungio cha mpira wa petroli. Nikafungua swichi bila kuwasha injini. Pampu ikanguruma, ikanyamaza. Nikafunga, nikafungua tena. Mara ya nne, chaki juu ya kiungio kimoja cha plastiki ikaota doa la kijivu, doa likawa mstari. Ufa wa unywele! Plastiki imekaa juu ya joto la injini miaka zaidi ya ishirini, hata mimi nimeshaota nyufa. Nilipiga kelele, mke wangu akatoka na ndoo ya maji akidhani inawaka.

Na ingeweza kuwaka, kwa ndoo ile ile ingekuwa balaa, maana maji husambaza moto wa petroli. Nilifanyia kazi uwanjani, mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu pembeni, tochi ndogo mkononi na si taa ya waya. Jirani alikuwa na jiko la mkaa upande wa pili wa ua. Nilimwomba alisogeze kabla sijaanza, akanuna, akasogeza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka hadi ukutane na moto. Nchi iliyozika watu zaidi ya mia moja baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, haipaswi kukumbushwa jambo hili, lakini bado naona watu wanafungua tangi sigara ikiwa mdomoni.

Sasa aibu yangu. Kiungio cha chuma nilikisubiri wiki tatu, shemeji akaniletea kutoka Nairobi. Mpira mpya je? Wa injeksheni niliambiwa elfu thelathini kwa mita. Wa bodaboda ulikuwa elfu tatu, mweusi vilevile, unene uleule. Nikachukua wa elfu tatu, nikafunga klipu za skrubu nikakaza kwa nguvu zote, nikapita kijiweni kujigamba. Siku ya tisa, karibu na Kisongo, mguu wa kulia ukalowa petroli juu ya eksozi ya moto. Mpira ulikuwa umevimba, klipu imeukata kama kisu. Nilisukuma pikipiki mbali na barabara huku miguu inatetemeka, na sikumwambia mtu kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo soma maandishi ubavuni mwa mpira kabla hujalipa. 30R7 ni wa kabureta. 30R9 unahimili presha ya injeksheni. Ule unaokaa ndani ya tangi, unaolowa ndani na nje, ni 30R10, na huo wengi wanausahau. Klipu tafuta zile za mviringo zenye kingo zilizokunjwa, zisizo na matundu ya kuuma mpira. Najua wewe unayesoma una ramani ukutani kama mimi, unahesabu mipaka hadi Cape Town. Utalipia safari yote hiyo halafu ubane elfu ishirini na saba kwenye mpira wa petroli? Mimi nilibana.

Yule kijana nilimuuliza swali moja tu: inanuka ikiwa ya baridi au ya moto? Kajibu leo asubuhi. Ya moto, hasa akishapanda mlima wa barabara ya Chunya. Keshanunua chaki. Nasubiri picha.